Unalipa nini, unapata nini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bima ya afya ya SHA

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku kwenye foleni ya dirisha la malipo, kwenye chama cha akina mama na kwenye baraza la chifu. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Viwango vya malipo ya matibabu ni vile vilivyotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya kati ya Novemba 2024 na Machi 2025. Serikali huvirekebisha, kwa hivyo kabla ya matibabu makubwa pita kwanza kwenye dawati la SHA hospitalini uthibitishe.

## Ya msingi

1. SHA ni nini, na SHIF ni nini? Mbona majina mawili?

SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, ofisi inayosajili wanachama, kupokea michango na kulipa hospitali. Iliundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali ambayo Wakenya waliijua tangu 1966.

Chini ya SHA kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, na pesa zake hutoka kwa serikali. Wa pili ndio SHIF, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, unaojazwa na michango yetu, na ndio hulipa ukilazwa, ukijifungua au ukifanyiwa upasuaji. Wa tatu ni wa dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi. Huu huingia pale SHIF inapofikia kikomo. Kila mfuko una masharti yake, na mtu asiyejua anatibiwa kwa mfuko upi ndiye hushtushwa na bili.

2. Nimeshajisajili. Je, nina bima?

Unayo nusu tu. Tungekuwa na nafasi ya kujibu swali moja peke yake, tungejibu hili, kwa sababu ndilo limeliza familia nyingi kuliko mengine yote.

Kujisajili kunakufungulia mfuko wa kwanza pekee, yaani matibabu ya zahanati na kituo cha afya. Ukihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, kujifungua au kupasuliwa, inaangaliwa kama mchango wako umelipwa. Kama haujalipwa, mfumo utaonyesha jina lako, picha yako na watoto wako wote, kisha useme hufai kugharamiwa. Shangazi yangu alisimama mbele ya dirisha la hospitali moja akiwa ameshika simu yenye ujumbe wa kuthibitisha usajili, akiamini ule ujumbe ndio bima yenyewe. Binti yake alikuwa wodini tayari. Tulichangishana usiku ule ule.

Piga *147# sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, uangalie kama akaunti yako inasema umelipa.

3. Nitajisajili vipi, na ni pesa ngapi?

Usajili ni bure. Atakayekuitisha pesa za usajili anakuibia. Unaweza kutumia *147# kwenye simu yoyote, tovuti ya Afya Yangu, dawati la SHA hospitalini, au mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kijijini. Beba kitambulisho chako na cha mwenzi wako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Baada ya hapo kuna maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha yenu kwa asiyeajiriwa. Usiyaruke, kwa kuwa bila hayo mfumo hauwezi kukuambia utalipa kiasi gani (tazama swali la 8).

## Mchango

4. Mimi ni mwajiriwa. Nakatwa kiasi gani?

Asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa 550. Anayepata 50,000 hukatwa 1,375. Anayepata 100,000 hukatwa 2,750, na wa 500,000 hukatwa 13,750. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kwa hivyo yeyote mwenye mshahara chini ya takriban 10,900 hulipa hizo 300. Kikomo cha juu hakipo.

Marupurupu yanayolipwa kwa pesa pamoja na mshahara huhesabiwa pia. Ndiyo maana ukipiga hesabu kwa mshahara wa msingi peke yake hautapata jibu linalolingana na hati yako ya mshahara.

5. Mbona nakatwa zaidi kuliko nilivyokatwa NHIF?

Kwa sababu NHIF ilikuwa na ngazi zilizokoma shilingi 1,700. Mwenye mshahara wa 100,000 na mwenye wa milioni moja walitoa sawa. SHIF hufuata asilimia, hivyo aliye juu ameongezewa.

Kwa wa chini hesabu iligeuka upande mwingine. Mwenye mshahara wa 20,000 alikuwa akilipa NHIF 750. Sasa analipa 550. Lakini wa katikati ameongezewa kidogo: mwenye 50,000 alilipa 1,200 na sasa analipa 1,375. Hasira ya mtu wa mshahara mkubwa inaeleweka, hasa anapopokea huduma ile ile anayopata anayelipa 300. Lakini bima ya jamii hujengwa hivyo makusudi: mtu huchangia kwa uwezo na kutibiwa kwa ugonjwa alio nao.

6. Mwajiri anaongezea chake? Na akinikata halafu asipeleke?

Mwajiri haongezei chochote, asilimia 2.75 yote inatoka kwako, tofauti na NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambako naye huchangia. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Asipowasilisha, wewe ndiye unayeonekana hujalipa ukifika hospitalini, hata kama hati yako ya mshahara inaonyesha makato. Usingoje uugue ndipo ujue. Angalia akaunti yako kila mwezi baada ya tarehe 9, na ukikuta pengo, peleka nakala za hati zako za mshahara kwa ofisi ya wafanyakazi kazini, kisha kwa ofisi ya SHA ya kaunti. Makato yasiyowasilishwa ni kosa la mwajiri kisheria, na ile hati ndiyo ushahidi wako.

7. Mchango huu unapunguza kodi?

Ndiyo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi ya mshahara kuhesabiwa. Wakati huo huo, nafuu ya asilimia 15 iliyokuwepo enzi za NHIF iliondolewa. Kwa mwenye mshahara wa 100,000, sehemu ya juu ya mshahara hutozwa kodi ya asilimia 30. Kwa hivyo mchango wake wa 2,750 unampunguzia kodi kwa 825, na kinachomtoka hasa ni 1,925. Kama mwajiri wako bado anahesabu kwa mtindo wa zamani, mwonyeshe.

8. Nauza mboga sokoni. Sina mshahara. Nitalipa kiasi gani?

Familia isiyo na mwajiriwa hukadiriwa kwa maswali: nyumba imeezekwa kwa nini, ukuta ni wa nini, mnapika kwa nini, maji mnayatoa wapi, choo ni cha aina gani, mna mifugo au la. Majibu hayo hutumika kukisia mapato ya nyumba, kisha asilimia 2.75 inachukuliwa hapo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi.

Shida kubwa iko kwenye namna ya kulipa. Asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Hata aliyekadiriwa cha chini kabisa lazima atoe 3,600 kwa pamoja. Kwa mama mboga au kijana wa bodaboda ambaye pesa yake huingia asubuhi na kwisha jioni, hicho ndicho kizingiti chenyewe. Tunalisema wazi: mpango huu ulifikiriwa na watu wanaolipwa mwisho wa mwezi, na marekebisho yamechelewa kuwafikia wanaolipwa kwa siku.

9. Siwezi kupata 3,600 kwa wakati mmoja. Nifanyeje?

Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioanza 2025, unaopatikana kupitia *147#. Ni mkopo: unagharamiwa mchango wa mwaka, kisha unaurejesha kidogo kidogo. Soma masharti na riba kabla ya kukubali, maana ukiacha kurejesha utabaki na deni.

Njia nyingine, ambayo imefanya kazi vizuri katika vyama vingi, ni kutumia merry-go-round, yaani mchango wa chama unaopokewa kwa zamu. Kila mwezi zamu moja inalipia mchango wa mwanachama mmoja moja kwa moja, bila pesa kupita mkononi mwake. Na kwa wasiojiweza kabisa, serikali ilizindua Oktoba 2025 mpango wa kuwalipia. Uliza kwa chifu au mhudumu wa afya ya jamii kama nyumba yenu imo kwenye orodha.

10. Nimekadiriwa pesa nyingi kuliko ninazopata. Naweza kupinga?

Nenda ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre uombe ukadiriaji uangaliwe upya. Mara nyingi kosa huanzia kwenye majibu: mtu aliyepanga chumba kimoja ndani ya jengo la mawe hujibu kana kwamba jengo ni lake, au mtoto mwenye simu hujaza kwa niaba ya nyanya yake akikisia. Rudia maswali ukiwa umetulia, na ujibu kuhusu nyumba yenu, si kuhusu jengo mnamoishi.

## Familia

11. Nani anatibiwa kwa mchango wangu?

Wewe, mwenzi wako wa ndoa na watoto wenu. Idadi ya watoto haina kikomo. Mtoto aliye masomoni na asiye na kipato chake anaweza kubaki chini yako hadi miaka 25. Lakini kila mmoja lazima awe ameongezwa kwenye akaunti. Mtoto ambaye hukumwandikisha hatambuliki, hata kama umelipa miaka yote. Mtoto mchanga mwongeze mara tu unapopata karatasi za kuzaliwa.

12. Naweza kumweka mama yangu mzazi?

Hapana. Mzazi huhesabiwa kuwa na nyumba yake, anajisajili mwenyewe na kuwa na mchango wake. Unachoweza kufanya ni kumlipia mwaka wake kwa kutumia nambari ya kitambulisho chake. Ndugu wanne wakigawana 3,600 ya mama, kila mmoja atatoa 900 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko harambee ya hospitali, na hakuna atakayelazimika kupigiwa simu usiku.

13. Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa. Mbona tunakatwa wawili?

Sheria inamkata kila mwenye mshahara, hata kama mwenzi wake tayari anachangia. Hakuna nafuu ya mume na mke. Vikomo vya matibabu (swali la 17) huhesabiwa kwa nyumba nzima. Ni malalamiko ya haki, na hadi sasa hayajapata jibu la kuridhisha.

## Unachopata

14. Zahanati ni bure kweli?

Ndiyo, kwa aliyesajiliwa, hata kama hajalipa mchango, mradi kituo kina mkataba na SHA na kiko ngazi ya 2 au 3, yaani zahanati na kituo cha afya. Malaria, kikohozi, kipimo cha sukari, presha, yote huanzia hapo. Kinachokatisha watu tamaa ni rafu tupu za dawa. Mfuko wa afya ya msingi ulitengewa shilingi 900 kwa kila mtu kwa mwaka, na ukigawanya hizo kwa miezi kumi na miwili utaona kwa nini muuguzi hukuandikia dawa ukanunue duka la jirani.

Ukienda moja kwa moja hospitali ya ngazi ya 4 kwa homa ya kawaida, tarajia kulipa mfukoni.

15. Nikilazwa, SHA inalipa nini?

Inalipa kiasi maalum kwa kila siku, kufuatana na ngazi ya hospitali: 2,240 kwa ngazi ya 2 na 3, 3,360 kwa ngazi ya 4, 3,920 kwa ngazi ya 5 na 4,480 kwa ngazi ya 6 kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kiasi hicho kinatakiwa kutosha kitanda, chakula, uuguzi, dawa na vipimo vya kawaida. Upasuaji una bei yake kando. Nyumba moja ina siku 180 za kulazwa kwa mwaka.

Kwa mfano, siku tatu katika hospitali ya ngazi ya 4 ni 10,080. Hospitali ya umma haitakuongezea sana juu ya hapo. Hospitali ya kibinafsi inayotoza 9,000 kwa siku itaitisha 27,000, na tofauti ya 16,920 ni yako.

16. Kujifungua je? Si Linda Mama ilikuwa bure?

Linda Mama, mpango wa serikali wa kulipia akina mama wanaojifungua, ilikuwa bure, na wanawake wengi bado wanaamini iko. Sasa imebadilika kuwa Linda Jamii, na inataka mchango wa mwaka uwe umelipwa. SHA hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji.

Ukijua una mimba, usingoje mwezi wa tisa. Lipa mapema, hata kama unaanza na Lipa SHA Pole Pole. Na usiseme utajifungua kwa kawaida kwa hivyo hauhitaji; hakuna mama anayepanga kupasuliwa saa nane za usiku.

17. Kusafishwa figo na saratani?

Hapa ndipo thamani ya mchango huonekana. Kusafisha figo hulipwa 10,650 kwa kila awamu. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki hufikisha takriban awamu 104 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1. Nyumba iliyokadiriwa cha chini imetoa 3,600.

Saratani ina kikomo: kwa viwango vya Machi 2025 kilikuwa 400,000 kutoka SHIF, kisha 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu, jumla 550,000 kwa mwaka. Zingatia kwamba ni kwa nyumba, si kwa mtu. Mume na mke wakiugua mwaka mmoja wanagawana kikomo kile kile. Tibamionzi hulipwa 3,600 kwa awamu, na awamu 30 ni 108,000. Matibabu ya dawa yanaweza kumaliza kilichobaki haraka kuliko unavyotarajia. Omba hospitali ikuandikie mpango mzima wa matibabu na gharama zake kabla ya kuanza, ujue ni mwezi gani pesa zitakwisha.

18. ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, inalipiwa?

Ndiyo, 28,000 kwa siku. Katika hospitali nyingi za kibinafsi bili huwa juu zaidi ya hapo, na nyingi huitisha amana kwanza. Kwa dharura yenyewe kumbuka Kifungu cha 43(2) cha Katiba: hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa ahudumiwe kwanza, mambo ya mchango yafuate.

## Hospitalini

19. Umelipa, lakini hospitali imekataa SHA. Kwa nini?

Huenda haina mkataba na SHA, au mkataba wake umesimamishwa. Agosti 2025 nyingi zilisimamishwa kwa tuhuma za udanganyifu. Huenda pia inadai serikali. Mapema 2025 hospitali nyingi za kibinafsi mashambani ziliitisha pesa taslimu kwa sababu ya madeni, yakiwemo ya NHIF. Piga simu uulize kabla ya kumbeba mgonjwa. Kukimbiza mtu mwenye maumivu kutoka lango moja hadi lingine ni jambo linaloepukika.

20. Mbona wanataka alama za kidole?

Ili kuthibitisha kwamba ni wewe uliyetibiwa. Awali ilitumika nambari ya siri inayotumwa kwa simu, na ilitumiwa vibaya. Ukiweka kidole, uliza umeandikiwa huduma gani. Usikubali kutia kidole kwa siku ambazo hukulala wodini: hizo siku zinaondolewa kwenye zile 180 za nyumba yenu.

21. Nina bima ya kazini. SHA ya nini?

Mchango ni wa lazima kwa wote. Kwa kawaida SHA hulipa sehemu yake kwanza, na bima ya kibinafsi huongezea. Ukiificha SHA, kikomo cha bima ya kazini kitakwisha mapema. Watumishi wa umma wana mpango wao wa ziada unaosimamiwa na SHA. Waulize ofisi ya wafanyakazi vikomo vyao, kwa sababu si hivi vilivyoandikwa hapa.

## Hali za pekee

22. Kazi imeisha. Bima yangu je?

Mshahara ukikoma, makato yanakoma, na hautaendelea kugharamiwa kwa jina la kuwa uliwahi kuchangia. Sasisha taarifa zako kuwa huna ajira, ukadiriwe upya kama katika swali la 8, ulipe mwaka. Fanya hivyo ukingali na malipo ya mwisho mkononi. Kama mwenzi wako ameajiriwa na mko kwenye akaunti moja, mchango wake unawatosha.

23. Naweza kulipa nikishaugua?

Watu hulipa wakiwa wodini. Lakini lazima ulipe mwaka mzima, saa ile ambayo pia unatafuta pesa za teksi, dawa na amana. Na mfumo ukiwa chini siku hiyo, unalipa bili yote mfukoni.

24. Mimi si Mkenya. Naruhusiwa?

Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujisajili na kuchangia kama wengine, akitumia kitambulisho chake cha mgeni. Anayekuja kwa muda mfupi kuliko huo anatakiwa kuwa na bima ya safari. Mtanzania au Mganda aliyeajiriwa Nairobi au Mombasa hukatwa asilimia 2.75 ile ile. Kama unakatwa lakini hujajisajili, pesa zinaingia bila mtu wa kuhudumiwa. Piga *147# au nenda dawati la SHA ukiwa na kibali chako cha kazi na hati ya mshahara.